Pini za Kushika Msuko wa Kamba

Mwoka mikate mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, alikuwa na nywele zilizoshuka hadi kiunoni, na kiwandani walimwita Kamba. Hakulipenda jina hilo, wala hakujisumbua kulikataa. Utotoni aliugua homa kali iliyomnyonyoa kichwa chote. Akakaa kipara miezi minane, na shangazi yake akawa anamleta sebuleni kama kioja: "Njoo huku, yai langu, wasalimie wageni." Tangu zilipoota tena, mkasi haujazigusa. Sababu hakumweleza mtu. Kwa maoni yake watu wengi hawastahili maelezo.

Alhamisi moja, alipoinama kuchungulia donge kwenye mashine ya kukandia unga, kibanio chake kilikatika. Msuko ukateleza begani, ukaingia kwenye beseni. Mwenzake wa zamu aliwahi kuzima swichi kabla mkono wa chuma haujamaliza mzunguko wa pili. Kamba alitoka hapo na unga hadi masikioni na shingo iliyopinda, lakini mzima. Donge lote likatupwa.

Msimamizi, aliyepata cheo kwa kuoa mpwa wa mwenye kiwanda, alimwita mbele ya wenzake.

"Jumatatu uje umezifunga zisitikisike, au uje umekata. Sitaki maiti kwenye unga wangu."

"Unga wako?" Kamba akauliza. "Hujawahi hata kuuchekecha."

Watu waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Lakini moyoni Kamba alijua kwamba kwa hili moja yule bwege amesema kweli, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Jumamosi asubuhi alitoka kutafuta kibanio kipya pamoja na mdogo wake, karani wa ofisi ya bima, mtu aliyeamini kwamba duka lenye kiyoyozi halidanganyi. Mdogo mtu akampeleka moja kwa moja kwenye jengo la vioo, ghorofa ya tatu. Ukuta mzima ulikuwa wa mapambo ya nywele: vipepeo, nyota, lulu za plastiki, mipira yenye manyoya. Binti muuzaji, mwenye wigi lililokaa upande, alichomoa kibanio kipana kilichobandikwa kwenye kadi.

"Hiki ndicho cha nywele ndefu na nzito, mama."

Kamba aliitazama picha kwenye kadi. "Huyu msichana nywele zake zimeachiwa mgongoni. Mbona hajakivaa?"

Binti naye akaitazama kadi, kama vile hajawahi kuiona. Wakakijaribu. Kilishika muda wa kuhesabu mpaka tano, kisha jino moja likaruka na kugonga kioo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Tatizo ni nywele zako, mama. Hazijapunguzwa."

"Nimekuja kununua kibanio, sikuja kutibiwa."

"Kwa kweli, wenye nywele kama zako huwa tunawashauri waagize mtandaoni."

"Na nyinyi hapa mnauza nini? Ubaridi?"

"Dada, unatuaibisha," mdogo wake alinong'ona wakishuka ngazi.

"Aibu na ione kibanio chao."

Duka la pili lilikuwa ndani ya saluni. Mwenye saluni alimzunguka mara mbili, akaupima msuko kwa mkono kama anayepima samaki, akasema angeununua wote, leo leo, na kumnyoa bure. Kamba akauvuta msuko wake kutoka mkononi mwa yule mama na kutoka bila kuaga. Mahali pa tatu palikuwa meza ya kando ya barabara, yenye mipira ya kufungia nywele ya rangi zote. Aliuvuta mmoja mara moja tu, ukalegea kama soksi ya mlevi. Muuzaji akamwambia asivute. "Sasa niufungeje," Kamba akamjibu, "niuombe?"

Kufikia saa saba mdogo mtu alikuwa anachechemea kwa viatu vyake vya kwendea kazini. Kamba aliona heri anunue lastiki pana ajishonee mwenyewe, na kwa ajili hiyo tu akaingia kwenye kiduka cha nyuzi, vifungo na zipu, kichochoroni nyuma ya mafundi viatu. Mwenye duka, mwanamke wa rika lake, alikuwa anamenya karanga. Hakuinuka.

"Lastiki itazikata hizo nywele," alisema. "Nani kakudanganya?"

"Mji mzima."

"Kaa hapo."

Mwanamke huyu alikuwa ameshona mavazi ya kikundi cha wacheza ngoma jukwaani kwa miaka ishirini, na alijua nywele zinavyopaswa kukaa mtu anaporuka. Kutoka kwenye kopo la biskuti alitoa pini za miguu miwili, ndefu kama kiganja, zilizochongwa kwa pembe na fundi wa machanuo. Rangi yake ilikuwa ya matope.

"Mbaya hizi," Kamba akasema.

"Hazikuja kuolewa."

Alimfumua, akamsuka upya, akauviringisha msuko kisogoni, akachoma pini ya kwanza: ikagusa ngozi, ikageuzwa, ikazama chini ya fundo. Kisha akamwamuru ainame, atikise kichwa, aruke. Pini moja ililegea. Mwenye duka akairudisha kopani na kutafuta nyingine iliyo ndefu zaidi, akaanza tena. Mara ya pili hakuna kilichosogea. Kamba alihisi uzito wote umepanda juu, shingo nyepesi. Alitafuta neno la kumkosoa huyu mtu, akalikosa.

"Hazina hata rangi," mdogo wake akasema kutoka mlangoni.

Wanawake wale wawili wakageuka kumtazama. Akaenda kusubiri nje.

Kamba akanunua nne, na wavu wa pamba wa kufunika juu. Akauliza kwa nini duka halina kibao.

"Nikiweka, watakuja wa vipepeo."

Jumatatu alikanda unga zamu nzima. Msimamizi alipita nyuma yake mara tatu, akakitazama kile kitunguu kikubwa cha nywele ndani ya wavu, akasubiri kianguke. Hakikuanguka. "Hujakata?" hatimaye akauliza.

"Nenda kapekue mahali pengine," Kamba alimjibu, akiendelea kupima chumvi.

Wakati wa chai, wanawake wawili wenye misuko walimwomba awaonyeshe. Akawaonyesha, akawachorea njia ya kichochoroni kwenye karatasi ya kufungia mikate. Wa tatu, ambaye tangu Alhamisi alikuwa anaigiza vile Kamba alivyotoka kwenye unga, naye akasogea.

"Na mimi nichoree."

"Hujauliza vizuri."

Jumatano aliuliza vizuri. Kamba akamwacha angoje mpaka Ijumaa.