Spoku Fupi za Upande wa Kushoto

Mtaani walimwita Mama Ringi, na hata wanawe walishalizoea jina hilo. Alikuwa fundi wa magurudumu ya baiskeli kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, na sifa yake ilikuwa kwamba gurudumu alilolisuka yeye halirudi. Alianza kwa kukisia kama mafundi wengine, akikata spoku ndefu mpaka zikubali. Aliyemtoa huko ni mwalimu wa hesabu wa shule ya bondeni, mtu ambaye miguu yake haikufanya kazi tangu utotoni, aliyekuwa akileta kwake baiskeli yake ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Siku moja Mwalimu alimchorea pembetatu kwenye kipande cha boksi, akamwonyesha jinsi upana wa habu, kile kitovu cha gurudumu, na kipenyo cha ringi vinavyotoa urefu wa spoku. Kuanzia hapo Mama Ringi alipima kwa rula ya chuma, akapiga hesabu, kisha akaagiza spoku kwa milimita.

Kwa hiyo asubuhi ile alipofungua sanduku kutafuta spoku za mteja mwingine, hakuelewa mara moja alichokiona.

Gurudumu la mbele la Mwalimu alikuwa amelisuka jana yake mchana, na jioni Mwalimu akaja kuichukua baiskeli. Kwenye baiskeli ile, gurudumu hilo ndilo linalobeba mnyororo, gia na breki. Gia zikikaa kulia, spoku za kulia huwa fupi na za kushoto ndefu, la sivyo ringi haikai katikati. Hesabu yake ilitoa tofauti ya milimita nne. Aliagiza arobaini za kila urefu, na gurudumu lilihitaji kumi na nane kila upande. Sasa sandukuni kulikuwa na spoku ndefu arobaini, hazijaguswa. Fupi zilibaki nne.

Akahesabu upya. Arobaini, na nne.

Alijua kosa lilivyotokea. Jana kaka yake, dereva wa lori, alikaa mlangoni akimsimulia alivyogombana na tajiri yake, naye akacheka mpaka machozi huku mkono ukichota spoku kwenye fungu lile lile. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mkono ulihisi. Nati ndogo zinazoishika spoku kwenye ringi, zile za upande wa kushoto, zilitaka kuzungushwa mno kabla ya spoku kukaza. Alihisi, akapuuza, kwa kuwa ringi ilionekana imenyooka.

Na nati zenyewe zilikuwa za alumini. Siku zote yeye alitumia za shaba ya njano, lakini Mwalimu alizitaka zile nyepesi zinazong'aa. Alumini haina neno pale spoku inapofika hadi kichwani mwa nati. Ikiishia njiani, shingo ya nati hubeba mzigo wote peke yake. Shaba huweza kuvumilia, lakini alumini hukatika tu, bila kukuonya.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alimpigia Mwalimu, simu ikaita mpaka ikakatika. Akampigia mkewe, akaambiwa Mwalimu ametoka kama dakika tano zilizopita na simu iko mkobani, maana mikono yake yote miwili huwa kazini. Mke akataka kujua kuna nini. Mama Ringi alisema gurudumu lina kasoro, akarukia baiskeli ya mteja iliyokuwa karibu na mlango, akaacha karakana wazi.

Njia ya shule ilikuwa na mteremko wa karibu kilomita moja, na mwisho wake kulikuwa na daraja jembamba lisilo na kingo. Mwalimu huuteremka akiwa ameshika breki ya mbele mwanzo hadi mwisho. Mama Ringi alikanyaga pedeli bila kupumzika.

Alimwona baada ya kona ya pili, tayari katikati ya mteremko. Alipomkaribia akasikia mlio mdogo, kama punje ya mchanga imegonga bati. Halafu mwingine. Ringi ilianza kuyumba, ikikwaruza uma wa chuma unaoshika gurudumu kila ilipozunguka.

"Mwalimu, ni mimi. Achia breki ya mbele. Tumia ile ya nyuma."

"Ya nyuma ni ya kuegeshea tu."

"Vuta hiyo hiyo, polepole. Lenga ule mchanga."

Kando ya barabara, hatua chache kabla ya daraja, wajenzi walikuwa wamemwaga rundo la mchanga. Breki ya mbele ilipoachiwa baiskeli ilichukua kasi. Mama Ringi alishika egemeo la kiti cha Mwalimu kwa mkono mmoja, akaburuza viatu chini, na kwa muda ambao baadaye hakuweza kuusimulia vizuri, wote wawili walikuwa wakiteremka wakiwa wameungana. Kisha gurudumu likaingia mchangani, likakunjika, wakaanguka.

Mwalimu alichubuka kiwiko. Mama Ringi soli ya kiatu ilikwisha, na kidole gumba cha mguu kilikuwa kinatoka damu. Mwalimu aliokota nati iliyokatika shingo, akaigeuza kiganjani, akasema labda kiwanda kimetoa alumini mbovu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezichagua.

Ingekuwa rahisi kukubali. Hakuna ambaye angejua.

"Alumini haina kosa," Mama Ringi alisema. "Niliweka spoku fupi pande zote mbili. Mkono uliniambia, sikuusikiliza."

Mwalimu akauliza, "Hesabu ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

"Basi ulikosea kuhesabu mpaka kumi na nane," alisema, akafuta mchanga usoni. Mama Ringi alitaka kucheka, kikatoka kilio.

Mke wa Mwalimu hakuona la kuchekesha. Alifika karakana mchana ule, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba mumewe angerudishwa nyumbani maiti, ndani ya shuka. Kwa wiki mbili Mwalimu alibebwa kwenda shule nyuma ya pikipiki, jambo alilolichukia, na wateja wawili waliokuwa wameacha baiskeli zao wakaja kuzichukua kabla hazijatengenezwa.

Alilisuka gurudumu upya Mwalimu akiwa ameketi mbele yake. Alipima kila spoku kabla ya kuipitisha na kutaja urefu wake kwa sauti, zote thelathini na sita. Safari hii nati zilikuwa za shaba. Kaka yake alipotokea na hadithi mpya, aliombwa arudi jioni.

Jumatatu Mama Ringi na mke wa Mwalimu walisimama darajani, kila mmoja upande wake, hawasemezani. Mwalimu alitokea kwenye kona, breki ya mbele mkononi, ringi imenyooka kama uzi. Alipita katikati yao bila kusimama, akisema kengele ya kipindi cha kwanza ilishalia. Mkewe alimfuata kwa macho mpaka akaingia geti la shule. Kisha akamgeukia Mama Ringi, akamuuliza kidole kinaendeleaje.