Bwana Kesho wa Uyole

Ukifika Uyole ukamuulizia fundi Habibu, unaweza kuzungushwa. Muulizie Bwana Kesho, na hata mama anayeuza viazi atakunyooshea kidole mpaka kwenye banda la mabati nyuma ya maegesho ya malori. Jina hilo alipewa na madereva, tena si kwa mapenzi. Kila gari analolifunga difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, huambiwa lilale. "Njoo kesho," husema huku akifuta mikono, na hata ukimlilia haongezi neno.

Mzee Budeba alilisikia jina hilo kabla ya kuliona banda. Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi, aliposhuka kwenye Landrova yake kuukuu iliyotoka Chimala ikidondosha oili njia nzima, alianza na onyo hata kabla ya salamu.

"Fundi, mimi kesho sina. Kesho binti yangu Prisca anafunga ndoa Mgololo, na mimi ndiye wa kumpeleka mbele ya kanisa. Mama yake na bibi yake wananingoja Chimala. Bibi mguu umevunjika, kwenye basi hapandi. Jioni hii lazima tuwe njiani."

"Pole na safari, mzee," akajibu Habibu. "Kwanza tuone inaumwa nini."

Alikuwa mwembamba, mwenye kofia safi kuliko ilivyotegemewa mahali pale. Akatandika boksi chini ya gari, akalala chali, akapapasa mfuniko wa difu kwa vidole.

"Nani alifunga hapa?"

"Mafundi wa kwetu. Mara mbili. Walipaka silikoni nyingi kweli kweli."

"Nimeiona. Inatosha kuziba bati la nyumba nzima."

Akalegeza bolti, akaacha oili nzito, nyeusi, ishuke taratibu kwenye beseni. Mfuniko ulipotoka, aliokota kwa kijiti vipande vyekundu vya silikoni vilivyokuwa vikizunguka na meno ya gia, akavipanga juu ya tambara ili mwenye gari avione. Budeba aliviona, lakini mawazo yake yalikuwa Mgololo.

"Sawa, ondoa hiyo, paka nyingine, ninywe chai niondoke. Kule Chimala ilikauka nikiwa bado nakula wali."

"Chimala kuna joto, mzee. Hapa mwezi huu wa saba hata soksi nilizofua Jumatatu hazijakauka."

"Ulizifua wewe?" sauti ya mwanamke ikatoka upande wa jiko la mkaa. Alikuwa Amna, mke wa Habibu, anayepika chai na maandazi hapohapo bandani. "Jumatatu ya mwaka gani?"

Madereva waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Budeba hakucheka.

"Nyie Waswahili mmezoea kukaa barazani. Mimi Msukuma nikingoja hivyo, ng'ombe wanakwisha."

"Ng'ombe wako akiwa na mimba, unamvuta ndama kwa sababu una safari?"

"Nikiwa na haraka, namvuta!"

Hapo hata Habibu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipoinua uso alimkuta mzee ameegemea gari, anatazama barabara.

"Fundi," Budeba alisema kwa sauti ya chini, "nina binti mmoja tu."

Habibu akainuka. Alichukua mfuniko, akaukwangua silikoni yote, akauosha kwa petroli na kuukausha. Kisha akaingia ndani ya banda, akarudi na kioo cha dirisha. Akakilaza juu ya meza, akaweka mfuniko juu yake, uso wa kuzibia ukiwa chini.

"Silikoni ikikosa muda wa kukauka haina maana," akasema hatimaye. "Gasketi ya karatasi, ile inayobanwa kati ya vyuma viwili, haihitaji kukauka, ukikaza bolti unaondoka. Lakini silikoni inajaza mabonde, karatasi haijazi. Mfuniko huu umechokonolewa na bisibisi, umepinda. Ukinyooka kabisa, unaondoka leo. Usiponyooka, sikudanganyi."

Akaanza kuunyoosha juu ya gogo kwa nyundo ndogo, pigo moja, kisha kwenye kioo, kisha gogoni tena. Budeba alihesabu kila pigo kama dharau. Amna akamsogezea kikombe.

"Baba, usimwone hivi. Gereji kubwa ya mjini walimfukuza kwa jambo hilihili. Bosi alitaka lori litoke, yeye akasema bado, akatia funguo mfukoni. Akarudi nyumbani na spana zake kwenye mfuko wa rambo. Nililia mimi! Tulianza hapa bila hata bati."

"Hakujuta?"

"Alisema dereva wa lile lori alikuwa na watoto."

Adhuhuri Habibu alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akabadili shati, akaenda msikitini kuswali Ijumaa. Aliuacha mfuniko juu ya kioo. Budeba aliyatazama malori yakipita kuelekea Makambako, njia yake mwenyewe. Kwa kukosa la kufanya akainama mezani, jicho usawa wa kioo. Upande mmoja mfuniko ulikuwa umekaa vizuri. Kwenye kona moja mwanga ulipenya, uzi mwembamba kama unywele. Akaubonyeza mfuniko, mwanga ukapotea, akauachia, ukarudi. Akatazama tena, na tena. Ndipo alipoelewa oili yake yote ilikuwa ikipita wapi.

Habibu aliporudi alimkuta bado ameinama.

"Kona hii bado, fundi," akasema Budeba. "Usiifunge."

Habibu akainama karibu yake, akaangalia. "Kweli bado," akasema, na kazi ikaendelea, sasa mmoja akigonga na mwingine akichungulia.

Mwanga ulipokwisha kila upande, Habibu alitoa karatasi nene ya kahawia, akailaza juu ya mfuniko na kuigonga pembezoni kwa nyundo mpaka ukingo na matundu ya bolti yakajikata yenyewe. Akaipaka grisi kidogo, akaipachika, akaurudisha mfuniko kwenye difu. Bolti alizikaza kwa kuvuka, huku kisha kule, kidogo kidogo, bila kuing'ang'ania moja. Alizibua pia kitundu cha kupumulia juu ya difu, kilichojaa tope la mashamba ya mpunga, maana difu isiyopumua husukuma oili nje hata ukiifunga vipi. Akajaza oili mpya mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kipimo.

Wakaipandisha Landrova mlima wa Igawilo, wakarudi. Habibu akalala tena juu ya boksi, akafuta mzunguko wa mfuniko kwa karatasi nyeupe ya chooni, akampa Budeba. Ilikuwa bado nyeupe, bila tone la oili.

"Nenda, mzee. Ukifika Makambako simama, papasa. Ukifika Mgololo, papasa."

"Leo husemi kesho?" dereva mmoja akapiga kelele.

"Leo mwenye gari kaona mwenyewe," akajibu Habibu.

Jumamosi asubuhi, nje ya kanisa kule Mgololo, Regina, mama yake bibi harusi, alimtafuta mumewe kila mahali. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba na Prisca amesimama mlangoni, shela imemfunika uso. Mwishowe akaona viatu vyeusi vipya vikichomoza chini ya Landrova.

"Baba Prisca! Na suti hiyo?"

Budeba akajitoa taratibu, akasimama, akajikung'uta. Vidoleni mwake hapakuwa na kitu ila vumbi kavu la njia, akalipuliza likaruka. Kisha akavuka uwanja kwa haraka, akamnyooshea binti yake mkono uleule.

"Twende, mwanangu," akasema. "Baba yupo."