Uvimbe Uliotoka Nikimeza

Kama ningekuwa mtu wa kutunga uongo, ningetunga wa kunipa sifa. Haya hayanipi sifa yoyote, lakini yalinipata, tena mchana kweupe, hapa Nairobi, miaka ya hamsini. Nilikuwa tarishi wa ofisi moja mjini, nikikaa kwa shemeji yangu Dagoretti Corner.

Kila nilipomeza, uvimbe kama yai ulichomoza shingoni, upande wa kushoto. Nikishameza, umepotea. Shemeji aliuona tukila ugali, akaacha kula nami.

"Wewe umelishwa nini?" aliniuliza.

Siku zile za Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka waliolishwa kiapo, swali kama hilo lilitosha kumpoteza mtu.

Nilienda hospitali mara mbili. Daktari, Mzungu, alinipapasa shingo, hakuona kitu, akanipa vidonge. Mara ya tatu, nikiwa kwenye foleni, mzee mwenye koti zito la mvua aliketi kando yangu, na jua lilikuwa kali ajabu. Niamini, sikuwa nimefungua mdomo.

"Ni wa kushoto?" akauliza.

Nikasogea ukingoni mwa benchi. Nilidhani ni mpelelezi. Wewe ungedhani nini?

"Usimwelezee daktari. Omba maji, unywe akitazama. Ni msuli tu, mwanangu."

Akameza mate. Shingo yake ikatuna vilevile kama yangu. Hapo nikaitwa ndani.

Nilipokunywa, daktari aliruka kitini. Akaweka kidole, akataka nimeze tena, na tena. Dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, akanitafsiria: kuna msuli mwembamba kando ya shingo, wangu umelegea pale unaposhikiliwa, basi nikimeza unainuka na kusukuma ngozi. Hauui.

"Nani alikufundisha kunywa maji?" dresa akauliza.

Nikamweleza juu ya mzee, koti na shingo. Akaweka kalamu chini.

"Huyo aliletwa hapa mwaka jana. Majirani walimpiga, eti ana jini kooni. Alifia kwenye benchi hilo, daktari hajamwona."

Shemeji aliisoma barua niliyopewa na daktari, akaikunja, na bado akanitengea sahani yangu peke yangu. Nikahama. Uvimbe ninao mpaka leo, na nikila mbele za watu hufunika shingo kwa kiganja.

Basi ukiona kitu usichokielewa mwilini mwa mwenzako, mpeleke hospitali kabla hujawaita majirani. Na mtu akikutajia ugonjwa wako kabla hujausema, msikilize, lakini usitafute jina la mtu huyo. Mimi nilimwuliza dresa, akaniambia. Sijathubutu kulitamka, nisije nikamwita.