Dawa Nyeupe ya Oldonyo Sambu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo ya mti, nikaambiwa nikagonge miti ya barabara nzima. Aliyenipa ni Nyapara Hamisi, mtu wa Tanga aliyehamia Arusha na familia yake. Wakati huo wa utawala wa Mwingereza, kazi yetu ilikuwa kulinda miti ya mjini isiliwe na mchwa.

"Usitazame majani," aliniambia. "Majani hudanganya. Gonga, usikilize."

Mti wa tatu, mjakaranda uliojaa maua, ulilia kama debe tupu. Nilisukuma gome kwa vidole, mkono ukazama hadi kiwiko. Ndani hamkuwa na mti tena, ila udongo na mchwa waliotambaa juu ya ngozi yangu. Niliruka nyuma nikipiga kelele. Nyapara hakucheka.

Tulikuwa na njia mbili. Moja ni kufukua kichuguu mpaka umfikie malkia wa mchwa, mweupe, mnene kama kidole gumba, asiyeweza hata kutembea. Nyingine ni dawa nyeupe, yaani arseniki, sumu ya unga tuliyoikoroga na maji na kuipaka kwa brashi kuanzia shinani hadi usawa wa goti. Kufukua kulikula siku nzima na mgongo wa mtu. Dawa ilimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo wakubwa waliipenda.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa Oldonyo Sambu, kaskazini magharibi mwa Mlima Meru, kutunza safu ya mikaratusi iliyokinga upepo karibu na birika la kunyweshea mifugo. Mkubwa wetu kule alikuwa Bwana Misitu, Mzungu mrefu mwenye haraka. Aliagiza dawa ipakwe mara mbili. Nikamwuliza habari ya ng'ombe, maana waya wa uzio ulikuwa bado haujaletwa.

"Ng'ombe anakula majani," alinijibu. "Hali mti. Paka."

Nikapaka. Mama Naserian, Mwarusha mwenye boma jirani, akaniletea kibuyu cha maziwa kama kawaida yake, akanipa pole ya kazi.

Asubuhi yake nilikuta ng'ombe watano wa Mama Naserian wamekufa chini ya miti ile. Mashina yalikuwa yamelambwa yakang'aa.

"Wamefuata chumvi," alisema mchungaji wake, machozi yakimtoka.

Chumvi! Miaka mitatu nilikuwa nimeishika dawa ile kwa mikono yangu, na hakuna aliyeniambia kwamba ng'ombe huilamba kama magadi.

Bwana Misitu alifika, akatazama mizoga, akatazama saa yake. "Sema ni ugonjwa," aliniambia. "Magonjwa ni mengi huku."

Hapo nikaona moshi bomani. Ng'ombe wa sita alikuwa amejikokota mpaka nyumbani, wakamchinja kabla hajafa ili nyama isipotee. Nilikimbia. Bwana Misitu aliniita, sikugeuka.

Nilimkuta shemeji yake Mama Naserian ameshika figo mbichi, nusu ameshakula. Nikampiga mkono, ikaanguka. Wanaume wakasimama na fimbo zao.

"Mama, msile!" nilisema. "Ni sumu. Niliipaka mimi."

Mama Naserian alinitazama. "Wewe? Wewe uliyekunywa maziwa yangu jana?"

Tulimtapisha yule shemeji, akaugua wiki nyingi. Alipona, lakini vidole vyake havikuhisi tena moto wala baridi.

Bwana Misitu alinirudisha mjini na barua ya ukaidi. Nyapara Hamisi aliisoma, akaikunja, akanipa sururu. Tangu siku hiyo hadi nilipozeeka nilifukua malkia tu, na brashi ile sikuishika tena.

Nilipostaafu nilipewa cheti. Kilisifu mikaratusi ya Oldonyo Sambu kwamba haukuliwa hata mmoja. Nilishtuka kama siku ile ya mizoga. Nikapanda gari na cheti changu mpaka kwa Mama Naserian, ambaye sasa macho yake yalikuwa yamefifia. Nikamwamkia, nikamsomea chote.

"Sasa soma pale penye ng'ombe wangu," akasema.

"Hapapo, mama."

Aliipokea karatasi yangu, akaipapasa, akanirudishia.

"Basi andika wewe."