Choo Kisicho na Tarehe

Vifungo ni mshonaji, na ukimpelekea kitambaa unalipa pesa zote kabla mkasi haujakigusa. Ukimuuliza nguo itakuwa tayari lini, anacheka: "Mpenzi, tarehe humtia fundi presha." Wateja wananung'unika, wanarudi. Nguo zake zinakaa mwilini, hilo halina ubishi.

Basi alipotaka choo cha ndani, alimwendea mjenzi kwa desturi hiyohiyo. Mama yake alikuwa ameishiwa nguvu za miguu, na choo cha nje kiko chini ya ngazi saba. Kila akibanwa, Vifungo anamshika kwapani na jirani wa kiume anashika miguu. Bibi wa watu anafumba macho mpaka arudishwe kitandani. Vifungo alilipa pesa zote, karatasi ikaandikwa, zikawekwa sahihi mbili. Tarehe ya kumaliza, hakuna. Fundi kwa fundi waandikiane tarehe, ya nini?

Mjenzi, ambaye hupenda kuitwa Kontrakta, alileta matofali ishirini na koleo. Koleo alirudi kulichukua. Miezi minne ikaishia kwenye "kesho, dada yangu."

Vifungo akaenda polisi. Askari alisoma karatasi mara mbili. "Hajatoroka wala hajakana. Hapa sioni jinai, mama. Haya ni madai, nenda mahakamani." Vifungo akatoka akisonya.

Nje ya mahakama kulikuwa na mzee mmoja anayewaandikia watu barua. Aliitazama karatasi, akaguna. "Ukiipeleka hivi, atasema bado anajenga. Utambishia kwa lipi? Kwanza mwandikie umpe siku kumi na nne: ajenge au arudishe pesa. Zikipita, ndipo ufungue shauri."

"Hata mimi siwaandikii wateja tarehe," Vifungo akasema, aibu imemshika.

"Nakujua. Dada yangu aliolewa kwa gauni la kuazima, lake likiwa bado kwako."

Barua ikapelekwa, Kontrakta akasaini kuipokea, na siku zikaisha bila tofali la ishirini na moja. Mbele ya hakimu alikuja na shati la pasi. "Mheshimiwa, mimi sijakataa kujenga." Hakimu aliomba barua, akahesabu siku kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani, kisha akaamua: arudishe pesa zote, na gharama za shauri juu yake. Kontrakta akalia kwamba ana watoto watano. Akaruhusiwa kulipa kidogokidogo kwa miezi sita.

Vifungo alirudi nyumbani kichwa juu. Ameshinda, tena kwa mdomo wake mwenyewe, bila wakili! Akamsimulia mama yake yote, akaigiza hata ile sauti ya hakimu, huku akitafuta vikombe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Hongera, mwanangu. Umemweza. Na choo?"

"Pesa zikitimia, mama. Miezi sita tu."

Vifungo akainua birika la chai amimine. Mama akakifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Mimi usinimiminie. Nikinywa, mtanibeba."