Nilisema Tayari

Pumba za mpunga zikiungua hazionyeshi moto. Zinatoa harufu tu, kama ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Juzi niliipata tena pale mashineni Lumemo nilipopeleka mpunga kukoboa. Wacha niwaambie ninyi, maana daftari la klabu halikusema kweli, na mwandishi wake nilikuwa mimi.

Klabu yetu ya parachuti ilikuwa ya wasichana watatu: Editha, Zuhura na mimi. Mjomba wake Editha, askari, alikuja likizo akatufundisha kutua, magoti yamekunjwa, miguu pamoja. Alipoondoka tu, turubai la mama Editha la kuanikia mpunga likatobolewa pembe nne, likafungwa kamba za kupitisha makwapani. Tuliruka kutoka ukuta wa nyuma wa mashine hiyo hiyo hadi kwenye kilima cha pumba. Sitawadanganya, turubai halikuwahi kumbeba mtu. Tulianguka kama viroba. Ila tuliandika kwamba tumeruka.

Sheria ilikuwa moja. Pumba huungua ndani kwa ndani siku nyingi, na juu pamepoa kabisa. Kwa hiyo mpimaji anazamisha mti mahali pa kutua, anahesabu hadi ishirini, anauchomoa, anashika ncha. Ikiwa baridi, anasema "Tayari."

Siku ya mwisho mpimaji nilikuwa mimi, nimenuna. Zamu ya kuruka ilikuwa yangu, Editha akaichukua. Nisimwonee, turubai lilikuwa la kwao.

"We Veri, tayari au unasali kwanza?" aliita kutoka juu.

Zuhura akacheka. Mti nilikuwa nimeuegemea tu, sijauzamisha.

"Tayari," nikasema.

"Tano! Nne! Tatu!" Editha akahesabu.

Hapo harufu ikanifikia. Uzi wa moshi ulikuwa unatoka pembeni mwa kidole changu cha mguu. Niliinama kuutazama. Nilipopiga kelele, "Edi, panaungua!", alikuwa ameshaachia ukuta.

Alizama hadi magotini. Ule ukelele sitauandika. Tukijaribu kumfuata, pumba zinatitia, zinachoma. Zuhura akadaka kamba, nami nikadaka nyingine, tukamburuta.

Nyumbani, miguu ya Editha ikiwa ndani ya ndoo ya maji, nilimwamkia mama yake shikamoo. Hakuitikia.

"Nani alipima?"

"Mimi mwenyewe, mama," Editha akasema, meno yameumana.

Nikaandika hivyo hivyo daftarini. Klabu ikaishia ukurasa huo.

Editha sasa ni fundi cherehani mtaa wa Viwanja Sitini, na sketi zake zote ni ndefu. Miaka yote nilidhani alinifichia kosa la kupima vibaya, kwamba hakujua sikupima kabisa. Juzi, mpunga wangu ukiwa kwenye foleni, nikapanda ule ukuta na utu uzima wangu huu. Ukiwa juu pale, aliyesimama kwenye pumba unamwona mwili wote, mpaka vidole, mpaka mti aliouegemea.

Aliniona sijapima. Halafu akasikia nikisema tayari, akaanza kuhesabu.

Au labda jua lilimpiga machoni. Namwomba Mungu iwe kweli lilimpiga.