Haloo, Haloo Haitoshi

"Utaratibu wa Wateja Kujaribu Vifaa vya Sauti Kabla ya Mauzo," lilisema tangazo lenye muhuri kwenye kaunta ya duka moja mjini Tukuyu. Utaratibu wenyewe ulikuwa muuzaji kupayuka "haloo, haloo!" kwenye maiki.

Mama mmoja alitaka priampu ya bei nafuu, kile kiboksi cha kukuza sauti ya maiki, ili arekodi nyumbani nyimbo za mama yake mzee, ambaye sauti yake inazidi kufifia.

"Chukua hii yenye mataa, mama. Haloo! Unasikia?"

"Wewe hata umeme ukikatika unasikika hadi Kiwira." Akavaa hedifoni, akanong'ona kwenye maiki kama mama yake anavyoimba siku hizi. "Nasikia mchakacho, kama samaki wanakaangwa humu. Lete ile ndogo."

"Hiyo haina hata taa!"

"Mama haimbi kwa taa."

Akanong'ona tena, macho kayafumba. Safari hii alitabasamu.

Mimi niliyekuwa nikisubiri zamu yangu, muhuri ule sikuushangaa. Ofisi nyingi nazo hupima mambo kwa kelele. Yule mama alinunua ile ndogo, akaifunga kwenye kanga, akapanda bodaboda ya kwenda Mpuguso kabla mvua haijaanza kugonga bati la mama yake.